Povu la Mikumi

Mwanangu Elia,

Asubuhi, ulipokuwa unafunga begi lako kwa kamba, uliniuliza swali moja tu: "Mama, kesho unapanda gari na mimi mpaka Mikumi, au unaniacha niende mwenyewe?" Uliuliza kwa upole, lakini niliona ulivyokazia macho ile kamba. Unataka niseme nabaki. Mimi nikajifanya nageuza maandazi. Sasa umetoka kwenda kuwaaga wenzako kule stesheni, nyumba imetulia, nami nimekaa hapa mezani jikoni, kando ya mashine ya kahawa, nikujibu kwa maandishi. Kwa mdomo nitaanza kujitetea, najijua.

Jibu liko mwishoni, usirukie huko. Habari za chandarua, za kuanika taulo na za kutokopa dukani umezisikia mpaka umechoka, na nikizirudia utakunja barua hii usiku huu kabla hujafika katikati. Nataka kukueleza jinsi shaka zangu zilivyoingia mpaka kwenye kazi unayoiendea. Kuna jambo nimelifanya, Elia, na ukilisikia Mikumi kabla hujalisikia kwangu, utaniona adui yako.

Wewe umekua wakati maduka yamejaa. Hukuona miaka ile tuliyokuwa tunapanga foleni ya sukari tangu alfajiri, halafu mwenye duka anatoka na kusema imekwisha, na jioni unaiona sukari ileile nyumbani kwa shemeji yake. Nilikuwa msichana mpole kabla ya foleni zile. Foleni zilinifundisha kutazama mikono ya watu badala ya midomo yao. Nilijifunza kuupima mfuko kwa mkono kabla sijaulipia, kuinusa sabuni, na kumuuliza mtu swali lilelile mara mbili kwa njia tofauti nione kama majibu yatafanana. Hata baba yako nilimkubali hivyo, maana nilimuuliza yeye kwanza kama ana mke Tabora kwao, kisha nikamuuliza rafiki yake.

Halafu wakaja kutuambia biashara sasa ruksa, kila mtu auze anachotaka. Watu wengine hapa Magomeni ya Kilosa walishangilia. Mimi nikasema, haya, sasa tutaibiwa na wengi. Na sikukosea sana. Tulinunua betri mpya zisizowasha hata redio, na sabuni ya kufulia iliyoyeyuka kwenye beseni bila kutoa povu. Kwa hiyo usidhani ugonjwa wangu ulitoka hewani. Ulianza kwa sababu, tatizo ni kwamba sababu zilipokwisha, wenyewe ulibaki.

Mashine hii iliingia nyumbani katika miaka hiyohiyo. Unaikumbuka siku yenyewe, lakini ulikuwa mdogo na ulikuwa unacheka, kwa hiyo hukusikia yote. Yale mashamba ya mkonge yalipouzwa kwa watu binafsi, mzungu mmoja fundi mitambo alikuwa anarudi kwao na anauza vyombo vyake vya nyumbani. Marehemu baba yako, naye ndiyo kwanza alikuwa amepunguzwa kazini reli, akaenda na kiinua mgongo chake kuninunulia cherehani. Tulishakubaliana. Nilishatafuta hata mahali pa kuiweka, pale dirishani penye mwanga.

Akarudi na sanduku kwenye baiskeli, amelifunga kwa mipira, anatabasamu. Nikasema moyoni, cherehani gani hii ndogo hivi?

"Cherehani alishaichukua mtu mwingine," akasema. "Lakini tazama hii, Mama Elia. Inatengeneza kahawa kama ya hoteli kubwa. Huu mrija unatoa mvuke, maziwa yanapanda povu."

"Na inashona?" nikamuuliza.

"Haishoni."

"Basi hilo povu ndilo litakalomshonea Elia kaptura ya shule?"

Ukacheka wewe, akacheka yeye. Mimi sikucheka. Usiku nililala nikiwaza kwamba mzungu amemuuzia kitu kibovu, kisha nikawaza kwamba kitu si kibovu, ila baba yako amekionja mahali. Mtu wa reli, mnywaji wa chai ya rangi maisha yake yote, amejuaje utamu wa maziwa yenye povu? Ameyanywa jikoni kwa nani? Siku mbili tatu nilimwuliza kijanja kijanja. Maskini, alikuwa amekaribishwa kikombe kimoja na yule mzungu, palepale barazani, wakati anakagua vyombo. Hakukuwa na siri zaidi ya hiyo. Alikunywa kitu kitamu akataka na sisi tukinywe.

Unakumbuka tulivyoiogopa. Tulijaza maji kwenye tangi lake la nyuma, tukawasha, kitaa chekundu kikawaka, nayo ikaanza kunguruma, na mimi nikakutoa nje kwa mkono. Buni tuliipata kwa watu wa milimani, tukaikaanga kwenye chungu na kuitwanga kwenye kinu. Ukitwanga ikawa laini sana, mashine ilikoroma na kutoa tone moja moja, na ukiiacha na chenga, ilitoa maji ya kahawia yasiyo na ladha. Jioni umeme wa Kilosa unaposhuka, taa zikawa kama za kibatari, nayo ikakataa kupata moto kabisa. Hayo yote tuliyaweza. Baba yako alitengeneza chekeche la kupepetea buni, na tukajua mashine ni ya asubuhi, kabla watu hawajawasha pasi zao.

Kilichotushinda ni maziwa. Baba yako alikuwa amelikunja mdomo jagi la bati kwa koleo ili limimine vizuri. Tukaweka maziwa, tukatumbukiza mrija, tukafungua mvuke. Mlio ule! Jirani yetu Mama Shani alikuja mbio akidhani tumechoma mtu. Maziwa yakachemka, yakaruka, yakanichafua kanga, lakini povu halikuja. Yalikuja mapovu makubwa makubwa kama ya sabuni ya maji, yakapasuka kabla hayajafika kikombeni. Tulijaribu kesho yake, tukajaribu wiki ile nzima. Baba yako alisema labda tuna kosa. Mimi nikasema kosa liko kwenye maziwa, yana maji.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Maziwa yetu aliyaleta Mama Naserian, yule Mmasai mrefu, kila asubuhi kwenye kibuyu chake chenye harufu ya moshi. Kwa miaka alikuwa ananiletea mimi kwanza kabla ya nyumba nyingine. Sikuwahi kumwona akifanya jambo baya hata moja. Lakini mashine ilikataa, na mimi nilikuwa nimeshakataa kwamba kosa ni letu, na hapa mtaani, unajua, watu hawahitaji sababu kubwa ya kumsema vibaya mfugaji. Asubuhi ile walikuwepo wateja wangu wa chai, walimu wawili na yule fundi baiskeli. Nikamwambia mbele yao, "Mama Naserian, leo niambie ukweli. Unatia maji ya mto kiasi gani?"

Hakunijibu. Alinitazama, akaziba kibuyu kwa kifuniko chake, akajifunga shuka vizuri, akaondoka. Mwalimu mmoja akacheka, akasema hawa watu wakikamatwa hawana la kusema. Nami nikajiona hodari. Ulikuwa umesimama mlangoni na sare za shule, na uliniambia, "Mama, lakini hakukubali." Nikakufukuza uende zako.

Kile kilichofuata unakijua kuliko mimi, maana ni wewe uliyekiona. Nilikuwa nimekwenda kanisani. Kulikuwa na maziwa ya Mama Naserian, ya mwisho, yaliyobaki kabla hajaondoka, nilikuwa nimeyachemsha na kuyafunika kwenye sufuria ndani ya beseni la maji ya mtungi yasiharibike. Ukaona uvivu kuyapasha. Ukayamimina hivyohivyo, ya baridi, ukafungua mvuke. Niliporudi nilikuta wewe na baba yako mmekaa mbele ya jagi kama watu waliookota kitu cha mtu. Povu lilikuwa limepanda, zito, laini, linang'aa, hata kijiko kilisimama kidogo kabla ya kuzama.

Kumbe ndivyo. Sisi hatunywi maziwa bila kuyachemsha, na tukishayachemsha tunayamimina ya moto, kama tunavyofanya kwa chai, kama mama yangu alivyofanya na mama yake. Hakuna mwanamke wa Kilosa ambaye angewaza kuyaacha yapoe kwanza ndipo ayapashe tena. Maziwa yakishakuwa ya moto, mvuke hauna muda wa kuyafanya lolote, unayachemsha tu mara ya pili. Maji ya mto hayakuwemo hata tone. Mzee wako aliniangalia, akanisogezea jagi.

Ilinichukua siku nyingi kumtafuta Mama Naserian. Nilimpata mnadani Kisanga, amekaa na wenzake. Nilimwomba radhi palepale mbele yao, nikaona ni haki kwa kuwa nilimtukana mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Nitaleta." Kesho yake akaja. Lakini kabla ya kunimiminia, alichukua kikombe changu, akajimiminia kidogo, akanywa mbele ya macho yangu, akameza, ndipo akanipimia. Nikamwambia, "Dada, hakuna haja." Akasema, "Ipo." Na tangu siku hiyo, Elia, mpaka leo asubuhi, kila siku anaonja kwanza. Mvua ikinyesha anaonja. Alipokuwa mgonjwa wa koo alionja. Wewe ulizoea, ukadhani ni desturi yao. Si desturi yao. Nimemsihi, nimenyamaza, nimewahi hata kukificha kikombe, akaonja kwa kifuniko cha kibuyu. Hana hasira na mimi, tunaulizana habari za watoto, tunacheka. Ila haniamini kwamba ninamwamini, na sina namna ya kumthibitishia.

Ungedhani baada ya hapo nimepona. Nilipona kwa maziwa tu.

Baada ya baba yako kufariki ni wewe uliyeifanya mashine iwe mashine. Mimi nilijifunza kwako, na nilikuwa mwanafunzi mbaya. Ulinionyesha kuweka ncha ya mrija juu juu tu, pale maziwa yanapotoa mlio kama kitambaa kinachochanwa, kisha kuizamisha kidogo na kuinamisha jagi mpaka maziwa yazunguke yenyewe. Uliniambia nishike kitako cha jagi kwa kiganja, nikiona siwezi kuvumilia tena nifunge mvuke. Nikawa nayaunguza kila siku. Hatukujua sababu mpaka ulipokishika kiganja changu ukakipapasa, ukasema, "Mama, mkono huu umebeba masufuria mengi, hausikii moto." Tangu hapo nimekuwa nashika jagi kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, na nimeweza. Lakini povu langu halijawahi kufika kama lako. Walimu wanajua. Wakikuta ni mimi wanaagiza chai.

Halafu akaja huyu Bi Adelina.

Alikuja Kilosa kwenye harusi ya ndugu yake, akaletwa hapa barazani na mwalimu, akanywa kikombe kimoja, akaomba cha pili, akauliza ni nani amekitengeneza. Ukatoka na aproni yako. Akakuambia ana nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu, wageni wa mbugani wanalala kwake, na amenunua mashine Dar es Salaam lakini inatoa maziwa ya kuogea. Akakuambia, "Njoo ufanye kazi kwangu." Hivyo tu, kama mtu anayenunua nyanya.

Niliona uso wako umeshakubali. Nikaanza kazi yangu ninayoiweza. Kwa nini amtake mtoto wa Kilosa wakati Mikumi imejaa vijana? Kwa nini hakutaja mshahara mpaka nilipomuuliza? Mume wake yuko wapi? Alipokuwa amekwenda kunawa mikono nilimuuliza mwalimu habari zake, aliporudi nikamuuliza yeye yaleyale. Majibu yalifanana. Kufanana kwenyewe kukanitia shaka, nikaona wamepanga. Wewe ulikuwa unanitazama kwa aibu, na kwa hilo nilikukasirikia wewe badala yangu mwenyewe.

Nilikuambia nitafikiri. Kisha, ile Jumamosi niliyokuaga kwamba nakwenda kijiji cha Ulaya kuangalia mpunga, sikuishia Ulaya. Gari lilisimama pale, watu wakashuka, mimi nikabaki kwenye kiti. Nilikwenda Mikumi kumpeleleza Bi Adelina. Uliponiuliza jioni habari za Ulaya nikakutajia bei ya mpunga, niliyokuwa nimeiuliza kupitia dirisha la gari ili nisiseme uongo mtupu. Ndivyo mama yako alivyo, anadanganya kwa uangalifu.

Nilijifunga mtandio mpaka usoni, nikaingia, nikakaa meza ya pembeni. Nilikagua. Sakafu ilikuwa safi, na vyoo nilivyokwenda kuvitazama vilikuwa safi pia. Wafanyakazi hawakuwa na nyuso za watu wanaopigwa kelele. Nilitafuta kasoro mpaka nikachoka. Kwenye mashine alikuwepo msichana mmoja, umri wako, mwembamba, akaja na kupiga goti kidogo. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nikaagiza kahawa ya maziwa.

Elia, aliyaleta yale maziwa ya kwetu ya zamani. Mapovu makubwa, chini maji ya moto. Meza ya pili mgeni mmoja alionja chake akakisukuma mbele taratibu. Yule binti alikiona kikombe kile, akaanza tena, mvuke ukapiga kelele, akashindwa tena, akapangusa mrija kwa kitambaa kikavu. Nilijiambia, kaa chini, hayakuhusu. Umekuja kuangalia, angalia. Nikaona anamimina kutoka kwenye chupa ya chai.

Nikasimama.

"Mwanangu, maziwa hayo yametoka wapi?"

"Nimeyachemsha asubuhi, mama, nikayatia kwenye chupa yasipoe."

"Ndiyo maana. Hakuna yaliyopoa?"

"Yapo kwenye friji, lakini..."

"Lete hayo."

Nilivua mtandio. Nilimshikisha jagi, nikamwonyesha ncha ikae wapi, nikamwambia asikilize mlio, azamishe, ainamishe, ashike kitako na kiganja chake, kwa kuwa chake bado kinasikia. Mara ya kwanza yalikuwa nusu. Mara ya pili yakapanda. Akacheka kwa sauti, mkono mdomoni, akasema, "Mama, yamekubali." Anaitwa Zawadi. Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi kuliko ninavyofurahi ninapofanikiwa mwenyewe. Tukayamimina, mgeni akaletewa kingine, akanywa chote.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Karibu Mikumi, Mama Elia."

Alikuwa ameegemea mlango. "Nilikuona tangu unashuka garini," akasema. "Nikasema nikuache ukague mpaka uridhike."

Sikuwa na pa kuficha uso. Nikakaa. Akakaa na yeye, akaniagizia chakula, wala hakunicheka. Nami badala ya kushukuru nikamuuliza lile lililonijia kichwani, nililoliona kwa kuchelewa. "Sasa binti yako anajua. Elia bado unamhitaji?"

Aligeuka kumtazama Zawadi, ambaye alikuwa anayapandisha ya tatu peke yake.

"Nilisema aje, na aje," akasema. "Lakini sitakudanganya, mama. Mashine ni moja. Nilimtaka kwa kuwa hapa hakuna aliyekuwa anaiweza. Mwezi wa kwanza watafanya wote wawili, halafu nitaona nani abaki pale. Atakayebaki nyuma, sijui kama nitakuwa na kazi ya kumpa."

Hayo ndiyo unayoyaendea. Unadhani unakwenda mahali ambapo wewe peke yako unajua, na sivyo tena, na aliyefanya isiwe hivyo ni mimi. Ningeweza kukaa kimya ukakuta mambo mwenyewe. Ningeweza pia, na hili nililiwaza tangu garini, kukufundisha hila. Ungeweza kutwanga buni ya Zawadi ikawa laini kupita kiasi. Ungeweza kumwacha aendelee kupangusa mrija kwa kitambaa kikavu mpaka maziwa yagandie ndani na tundu lizibe. Niliyawaza yote, moja baada ya jingine, mpaka gari likafika Kilosa. Usiyafanye. Ukimwona anasahau kuusafisha mrija, mwambie. Yule binti hakukuchukulia kitu, alipewa. Na kama itatokea yeye ndiye abaki, utarudi nyumbani ukiwa mtu tuliyemlea mimi na baba yako.

Bi Adelina simshuku tena, ndiyo maana niliporudi nilikuruhusu. Najua utashangaa kulisoma hilo kwa mwandiko wangu. Mtu aliyetaka kukudanganya asingeniambia ukweli ule mbaya hali nimekaa nakula wali wake. Naye Zawadi simshuku.

Ila katika mambo haya yote kuna mtu mmoja ambaye sikumpeleleza, na nimeanza kumpeleleza leo, nikisugua sufuria baada ya wewe kutoka. Nimejiuliza swali lilelile mara mbili kwa njia tofauti, kama ninavyowafanyia wengine. Kwanza nimejiuliza: kwa nini ulisimama? Nikajibu, nilimhurumia binti wa watu. Halafu nikajiuliza: ulipokuwa unasimama, hukujua kwamba akijua yeye, Elia hatahitajika? Elia, majibu hayakufanana.

Sijui. Naandika ukweli, sijui. Huenda nilimhurumia tu. Huenda pia kuna mwanamke ndani yangu aliyeona njia ya kukurudisha nyumbani baada ya mwezi mmoja, safi, bila mtu kumlaumu, akajifunika huruma kama alivyojifunika mtandio. Tangu baba yako aondoke, asubuhi nasikia mlio wa ile mashine kabla sijaamka, najua uko jikoni, najua nyumba ina mtu. Kuanzia keshokutwa nitaiwasha mimi. Ninakuogopea wewe, ndiyo, lakini zaidi naogopa jikoni hii. Na mtu mwenye hofu ya namna hiyo hafai kuaminiwa karibu na kazi yako.

Nilifikiri pia leo kukuzuia kabisa, nikuambie usiende kushindania jagi na mtoto wa watu. Ingesikika kama busara. Ndiyo kwanza nikaishuku zaidi.

Kwa hiyo jibu ni hili. Hapana, sipandi gari na wewe. Utafika Mikumi mwenyewe, utamwamkia Bi Adelina mwenyewe, utasimama mbele ya mashine yake bila mimi kukaa meza ya pembeni. Ukishindwa, iwe umeshindwa wewe, na ukiweza, iwe umeweza wewe. Mimi nisiwe na mkono humo. Siku ukitaka nije, niite, nitakuja bila mtandio usoni na nitanywa nitakachopewa.

Na neno la mwisho, mwanangu, uliweke karibu kuliko mengine yote, kwa kuwa naliandika sasa nikiwa na akili zangu, na sina hakika na mtu atakayeamka kitandani kwangu kesho. Gari likipiga honi, nikatoka nimevaa, na begi begani, nikakuambia nimebadili mawazo, nakusindikiza kidogo tu mpaka Ulaya, hata kama nalia, funga mlango wa gari uende.

Mama yako.